Mashati Matano ya Kupigia Picha

Mpendwa Bi Thora, naomba unisaidie kabla ya tarehe kumi na nne, maana siku hiyo mkaguzi anakuja kuitazama ndege yangu, na sina mtu mwingine wa kumweleza haya bila habari kuzagaa klabu nzima ya wajenzi wa ndege.

Mimi ni daktari wa meno mstaafu, naishi hapa hapa Wisconsin, na miaka minne iliyopita nilinunua vipande vya ndege ya watu wawili nikasema nitaijenga mwenyewe kwenye gereji kama wenzangu, na kweli mkia niliujenga, miezi kumi na sita, kila ribiti, ile misumari ya kuunganisha bati, nimeigonga mimi huku mke wangu Marlys akishikilia chuma upande wa pili, lakini nilipofika kwenye mabawa bega likaanza kuuma, nikaharibu karatasi mbili za bati kwa mkupuo, uvumilivu ukaniishia, nikaipeleka kwa fundi mmoja nitakayemwita Lyle, ambaye karakana yake inasaidia watu kama sisi.

Sheria unaijua: ndege ya kujijengea, zaidi ya nusu ya kazi lazima uifanye mwenyewe, fundi anaruhusiwa kukufundisha na kukushikia, si kukufanyia. Wiki ya kwanza Lyle alinifundisha vizuri tu, ila mimi ni mzito na mafundi wake wana mikono myepesi, ikawa nikienda kula nikirudi nakuta kazi imesogea, nami sikulalamika, mwisho nikawa napita Ijumaa tu, nikielekea klabuni kula samaki wa kukaanga. Siku moja akanipigia simu kwamba Ijumaa hiyo nije na mashati matano. Nilidhani ananitania. Nilipofika akanipa bunduki ya ribiti, akanisimamisha kwenye bawa, akanipiga picha, nikabadili shati, akanipiga nyingine upande wa pili, hadi yakaisha matano, ili kwenye daftari la ujenzi zionekane siku tano za kazi.

“Daktari, usinitazame mimi,” alisema. “Tazama kazi.”

Nilicheka, Bi Thora, na Ijumaa iliyofuata nikaja na mengine. Marlys ndiye anayefua. Aliniuliza mbona mashati yanarudi safi hivi, nikamwambia kwa Lyle kuna feni nzuri, akaamini.

Sasa ndege imekwisha, nzuri kuliko ambavyo ningeweza mimi, na kilichobaki ni kutia sahihi hati ya kiapo kwamba niliijenga. Naye Marlys, ambaye kwa miaka thelathini na minne ya ndoa amekataa kupanda ndege ndogo ya mtu yeyote, amesema saa za kuirusha peke yangu kwa majaribio zikiisha abiria wa kwanza ni yeye, twende Duluth kumwona dada yake. “Za wengine sipandi hata wanifunge kamba,” aliniambia, “lakini hii siiogopi, umeijenga wewe.” Ilinipasa kumwambia palepale. Badala yake nikamwongezea kahawa.

Lyle anasema kila mtu anafanya hivi, na kwamba ndege ya mafundi ni salama kuliko ya daktari wa meno, na hilo la pili siwezi kumbishia. Je, nitie sahihi? Na nikitia, kuna haja gani ya kumsumbua Marlys?

Daktari, Waupaca

Daktari,

Jina lako umelificha, la fundi umelificha, la mkeo ukaliacha wazi. Nimelibadilisha mimi kabla ya kuichapa barua yako.

Pole kwa bega. Kushindwa na mabawa si aibu. Ndege yangu ilinichukua miaka tisa, na tangi la mafuta la bawa la kushoto nililiziba mara tatu huku nalia. Kwenda karakanani pia si kosa, nawajua watu walioingia huko hawajui kitu wakatoka wanajua. Wewe uliingia mwanafunzi ukatoka mwanamitindo.

Unasema Lyle ana mikono mizuri. Nakubali. Kiapo hakiulizi kama ndege ni nzuri, kinauliza nani aliijenga, na jibu unalo. Hilo la kila mtu anafanya hivi ni uongo, na klabuni kwetu kuna watu watakaochukia kusingiziwa. Mkaguzi mwenyewe pengine amejenga yake. Atakuuliza jambo dogo tu, pembe ya tangi la mafuta uliizibaje, nawe utaanza kutazama viatu.

Lakini tuseme hakuuliza. Ukipata kibali cha mjenzi, kila mwaka ni wewe utakayeikagua ndege hiyo na kuandika kwamba ni nzima. Bawa likianza kugonga mkiwa juu ya ziwa, mwenzako aliyejijengea anajua ndani mna nini kwa sababu mikono yake ilipita humo. Wewe utajua nini?

Fanya hivi. Usitie sahihi. Jumatatu asubuhi mpigie mkaguzi, ahirisha, na umwambie picha ni za kuigiza kabla hajagundua mwenyewe. Keti naye na daftari mhesabu kazi moja moja, ipi yako na ipi ya Lyle. Anaweza kukwambia ujenge mabawa mengine kwa mkono wako, Lyle akisimama pembeni na mikono mfukoni. Anaweza kukwambia haitasajiliwa kabisa kama ya kujijengea. Sijui atasema lipi, na sitakudanganya kwamba litakuwa jepesi. Lyle atanuna. Mwache anune.

Ila kabla ya Jumatatu kuna Jumapili, na Jumapili ni ya Marlys. Usianze na habari za bega. Anza na ulichofanya. Umeniuliza kuna haja gani ya kumsumbua. Mwanamke huyu ameogopa ndege ndogo miaka thelathini na minne, ameacha kuogopa kwa sababu moja tu, na sababu yenyewe si kweli. Mrudishie woga wake, kisha mwache aamue mwenyewe kama atapanda.

Thora