Mbuni Aliyenipigia Magoti

Baba Luhende,

Mwangaluka. Watu wakiandika barua huanza kwa kuulizana hali. Yako siulizi, maana nilikuwepo ulipozikwa. Nilisimama nyuma, karibu na wanaume waliokuwa wakisubiri zamu ya koleo, nikalia kwa sauti kuliko binti zako. Watu walinisifu. Walisema, mwone Minza, amefanya naye kazi miaka minne tu lakini anamlilia kama baba yake mzazi. Hakuna aliyejua ninalia nini, na wewe ulikuwa umeshanyamaza.

Shamba la mbuni halipo tena. Tajiri ameuza ndege wote, na kile chumba cha mayai amewapangisha wanunuzi wa pamba, maana siku hizi kila mwenye mzani na turubai ni mnunuzi wa pamba. Waya wa uzio umeanza kung'olewa na watu wanafungia mazizi yao. Ukipita pale Mwamapalala leo hutajua kwamba tulikuwa na ndege warefu kuliko sisi.

Unakumbuka tulivyoanza. Kinu cha pamba kule Maswa kilikuwa kimefungwa, ukarudi nyumbani na sanduku lako la bati baada ya miaka ishirini ya kazi. Mimi pamba yangu ilikuwa imelala ndani bila mnunuzi, na mume wangu alikuwa ameenda machimboni, hajarudi mpaka leo. Tukasikia soko huria limetuletea mwekezaji, ndiye huyu Tajiri, anayetaka kufuga mbuni auze nyama na ngozi nje. Wazee walicheka sana. Walisema ndege huyo anakimbia bure porini, nani atamnunua? Wewe ulisema aliyezaliwa zizini hachagui mnyama wa kufuga, ukaenda kuandikisha jina, na mimi ukanishika mkono tukaandikishwa pamoja.

Vifaranga vililetwa kumi na vinne kwenye maboksi, vimetoka kuanguliwa, havijawahi kumwona mbuni mkubwa hata mmoja. Vililia siku nzima. Jioni mimi nilikwenda kwa watoto wangu. Wewe ulitandika ngozi yako ya ng'ombe katikati yao ukalala hapo, na ukaendelea kulala hapo miezi miwili. Mama Kulwa, mkeo, alilalamika kwamba mume wake ameoa kuku. Nilikuambia uviache vilie, vitazoea. Ukasema mtoto akilia huwezi kugeukia upande wa pili. Nikakutania kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, tukacheka wote wawili. Msemo ule sasa nikiusikia kwa mtu naondoka.

Vilikufuata kisimani, vilikufuata chooni vikakusubiri mlangoni. Ulinifundisha kuwakamata walipokuwa wakubwa, kumvalisha ndege soksi kichwani ili atulie. Ulinifundisha kuwasikiliza tumbo. Mpaka nakuja pale nilijua jembe tu, na wewe ulinifanya fundi.

Mwaka wa tatu wakapevuka. Yule dume mkubwa, tuliyemwita Diwani kwa mwendo wake wa kujisikia, miguu yake ikawa myekundu kwa mbele. Asubuhi moja uliingia na ndoo ya pumba, naye akapiga magoti mbele yako. Akatandaza mabawa, akawa anayapunga moja baada ya jingine, shingo imerudi nyuma na kichwa kinagonga mbavu za kushoto, mara za kulia. Mimi nilidhani kifafa. Baada ya wiki majike nao wakaanza, wakikuona wanainamisha kichwa, wanatetemesha mabawa, wanalala chini. Ulicheka mpaka ukakaa kwenye ndoo. Ukasema, "Minza, kamwambie Mama Kulwa nimeposwa." Kisha ukainuka ukamchezea Diwani hatua mbili za ngoma ya ujana wako, naye akazidi kujipiga mbavu. Sikumbuki siku nyingine niliyocheka hivyo, na sidhani kama itakuja.

Mayai yalitagwa mengi, makubwa, ya kupendeza. Tukayaingiza kwenye mashine ya kuangulia. Siku ya kuyapima tulifunga madirisha, tukaweka taa nyuma ya kila yai, na kila yai lilikuwa jeupe tupu, halina hata uzi wa damu. Msimu wa pili vilevile. Tajiri alibadilika. Mtu mmoja akamnong'oneza kwamba madume hayashughuliki na majike, yanampigia magoti Luhende, na majike hali kadhalika. Akataka kujua umewapa nini.

Aliniita ofisini. Akaniuliza, "Mama, uliwahi kumwona akiwawekea kitu?"

Nilisema ndiyo. Nilisema nilikuona ukiweka majani kwenye maji yao. Sikusema kwamba yalikuwa ya mwarobaini. Sikusema kwamba vifaranga vilikuwa vinaharisha, na kwamba majani yenyewe niliyachuma mimi, wewe umenionyesha mti tu. Hakuna neno la uongo nililolitamka pale, baba. Nilijua tu mahali pa kuishia. Niliwaza watoto wangu wawili na ile pamba iliyolala ndani, nikaishia hapo.

Walikutoa getini mchana, mbele ya vibarua wote. Diwani alikufuata kwa ndani ya uzio mpaka uzio ulipokata kona. Neno kwamba una dawa likasambaa upesi kuliko moto wa kiangazi. Wewe uliyekuwa ukiitwa kila ng'ombe aliposhindwa kuzaa, ukawa huitwi hata kwa mbuzi. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Jirani yako alihamisha njia ya ndama wake wasipite mbele ya mlango wako. Hukujitetea kwa mtu. Mtu uliyekulia kati ya ng'ombe, ukabaki umekaa uani ukisokota kamba zisizo na mnyama wa kufunga.

Hayo huenda uliyajua, na pengine ulijua pia nani alisema. Hili linalofuata hukulijua.

Wiki ya tatu baada ya wewe kufukuzwa, niliingia na ndoo, Diwani akapiga magoti mbele yangu. Mimi, ambaye sikuwahi hata kumpapasa. Akatandaza mabawa yake, akajigonga mbavu, vilevile alivyokufanyia wewe. Nilielewa palepale kwamba huna dawa, hukuwahi kuwa nayo. Nilichokifanya ni kuokota fimbo na kumpiga mpaka akainuka, nikiangalia nyuma kama Tajiri anapita. Tangu siku hiyo sikuingia tena bila fimbo.

Nilikaa na jambo hilo miezi minane. Nyumba yako ilikuwa njiani kwangu. Mdogo ndiye anayepaswa kumsalimia mkubwa, lakini mimi nilipita nimeinama, na wewe ndiye uliyenisalimia. "Mwangaluka, ng'wanawane. Wamekula?" Uliniita mwanao, ukaulizia ndege wale kila mara, wamekula? Nilijibu wamekula, nikaongeza mwendo. Mvua zilipoanza ukaugua kifua. Nilipanga kuja Jumapili baada ya ibada, ukafariki Ijumaa. Nisikudanganye tena, sina hakika kama ningekuja.

Mwezi uliopita alikuja daktari wa mifugo kutoka Bariadi kuwakagua kabla ya kuuzwa. Alisimama kwenye uzio, Diwani akampigia magoti yeye pia, na wala hakushangaa. Akauliza nani aliwalea, nikamwambia. Akauliza kama ulilala nao, nikasema ndiyo. Akatueleza kwamba kifaranga cha ndege wa namna hii, yule anayemwona siku zake za mwanzo, anayempa chakula na joto, ndiye anayemhesabu kuwa wa kabila lake. Akipevuka anatafuta mchumba katika kabila hilo. "Hawa wanajijua kuwa watu," alisema. "Dume anatazama watu, jike anatazama watu, wao kwa wao hawaonani." Wangelelewa na mbuni wakubwa wangetaga mayai yenye uhai. Hata sisi tungekaa nao mbali kidogo, pengine wangeangaliana.

Tajiri alisema, "Kumbe." Kisha akauliza lori litafika saa ngapi.

Nilidhani maneno ya daktari yatanifariji. Nimeyarudia moyoni kila siku, na hayajanifariji hata kidogo. Kilichoyaua mayai ni ule usingizi wako katikati yao, ni wewe kushindwa kuvumilia kilio. Hilo naweza kulibeba, kosa la namna hiyo hata Mungu sijui angelihukumuje. Nisiloweza kulibeba ni kwamba daktari alinipa sababu tu. Kwamba huna hatia nilikuwa nimeshaambiwa na Diwani, wewe ungali hai.

Lori lilikuja Jumanne. Waliwavalisha soksi mmoja mmoja, wakawapandisha. Diwani alibaki wa mwisho. Mtu wa lori alipomsogelea na soksi mkononi, Diwani alipiga magoti mbele yake, akatandaza mabawa na kuanza kujigonga mbavu. Yule mtu akafurahi. Akasema huyu hana shida, amejileta mwenyewe. Nilimsaidia kumshika.

Sina kazi sasa, baba. Watoto wangu niliowaogopea wanakula kama walivyokuwa wakila kabla, yaani siku ipo, siku haipo. Nilikuuza bure. Mama Kulwa hunitumia michembe ya viazi vikavu kila wiki, akisema katika watu wote wa shambani ni mimi pekee niliyekulilia. Naipokea, naipika, nawapa watoto. Nikikataa ataniuliza kwa nini. Majirani bado hawamwiti mwanao mkubwa kwenye mazizi yao, wanasema damu ni ileile. Ndiyo maana nimekaa kuandika, kwa sababu nilifikiri uchafu ule ulizikwa na wewe, kumbe umebaki juu unatembea.

Jumamosi wanaweka msalaba kaburini kwako. Watu watakuja hata kutoka Nyalikungu, na wale wenye ng'ombe watakuwepo, kwa sababu kuna ubwabwa. Katekista atauliza kama kuna mwenye neno. Nakuahidi nitasimama. Nitasema nilichomwambia Tajiri na nilichokificha, nitasema majani niliyachuma kwa mikono hii, nitasema Diwani alinipigia magoti nami nikanyamaza miezi minane. Nitalisema kwa Kisukuma ili asiwepo wa kusingizia kwamba hakuelewa. Sitaomba msamaha pale mbele ya watu, nisije nikaondoka nikiwa mwepesi kuliko ninavyostahili.

Lala, baba. Wabeja kwa yote uliyonifundisha. Nitamtazama Mama Kulwa nikiwa nasema. Akinifukuza nitaondoka. Ninachoogopa ni kwamba hatanifukuza.

Mimi,
Minza