Kitambaa cha Jarkynai Kisichomwe

Mtaa wa Juu,
Kochkor, Naryn.
9 Novemba 2019

Mpendwa mpwa wangu Melis,

Kosa wanalofanya wengi waliofiwa ni kudhani kwamba matanga yakishaanuliwa, na marehemu naye akunjwe awekwe mbali. Kosa hilo sasa ni lako, na nitakueleza hadi ulielewe. Lakini nimelelewa vizuri kuliko unavyostahili, kwa hiyo kwanza nakusalimu. Hujambo? Kifua chako kinaendeleaje na vumbi la saruji huko Moscow? Sisi hapa ni wazima. Theluji ya kwanza imekwisha kuanguka, viazi viko shimoni, na goti langu linauma kama kawaida yake.

Nakuandikia kwa kuwa simu zangu umeacha kuzipokea. Barua hii anakuletea Ernis, kijana wa jirani anayerudi kazini huko. Nimemwagiza asiondoke mlangoni kwako mpaka uisome mbele yake.

Jumanne mdogo wako Turat aliingia nyumbani kwako, akamkuta mkeo Gulbara anashona, akamnyang'anya kitambaa mapajani, sindano ikiwa bado imechomekwa. Alisema ni amri yako kwamba kichomwe kabla ya khitma ya mwaka ya binti yenu. Nikamfuata kwake. Kitambaa kiko juu ya kabati. "Mjomba, mimi sina neno," akaniambia. "Kaka akisema, mimi nafanya." Nikamwuliza, kaka akisema ajitupe mtoni, atajitupa? Akajibu, "Maji ya sasa yananifika magotini tu, mjomba." Huyo ndiye mlinzi uliyemwachia nyumba.

Najua ulichoambiwa. Uliambiwa mkeo amerukwa na akili, anazunguka kijiji akiomba nguo za maiti. Basi keti nikueleze, maana huko mjini mila zetu umebaki nazo nusu, tena nusu mbaya.

Mzee aliyeshiba umri akifa, tunachana vitambaa tukawagawia waliokuja kuzika, nao wanavishonea mifarishi ili umri ule uwafikie wajukuu wao. Akifa kijana hatugawi, kwa sababu hakuna anayeuomba umri wake. Nguo zake wanapewa wanawake waliomwosha, na hazidaiwi. Hapo ndipo ulipoishia kusoma. Jarkynai alikufa na miaka kumi na sita, basi umeamua kwamba kila uzi aliouvaa una mkosi.

Sikiliza sehemu usiyoijua. Gulbara alikwenda kwa mama Salkyn, aliyewaongoza waosha, kumwomba kipande kimoja tu cha gauni la shule. Wanawake waliokuwa pale wakinywa chai walimcheka waziwazi. Mmoja akasema, "Leo kipande, kesho atadai na sabuni tuliyomwoshea!" Gulbara akageuka aondoke.

"Nyamazeni, kunguru nyie!" Salkyn akawaambia. "Mimi na kiuno hiki nitaingiaje kwenye gauni la msichana? Limekaa sandukuni tangu msiba, kila nikifunua linanitazama." Akachukua mkasi, akakata mkono mzima wa gauni, akampa. Waosha wengine wakaja wenyewe na walichopewa. Hata yule wa sabuni alileta suruali nyekundu ya michezo, akaomba sindano, akaketi kushona.

Kwa hiyo sheria iko wazi. Mwosha akishapewa nguo, nguo ni yake, na akiitoa ametoa mali yake kwa hiari. Hakuna mwiko uliovunjwa. Mwosha huoshwa, Melis. Wanawake hao wanakijua kifo kwa mikono yao. Wewe ulifika kaburi limekwisha kufukiwa, ukaondoka kabla ya arobaini, na leo unawafundisha wao adabu za msiba kwa simu.

Kitambaa chenyewe nimekiona. Gulbara amezikata nguo hizo vipande vya pembetatu, ila hakuzipanga kama mama zetu, nyekundu kwa nyeusi zikitazamana. Amezipanga zikishuka upande mmoja, kama ule mteremko wa nyuma ya nyumba ambapo Jarkynai alikuwa akiteremsha ndama huku akipiga mluzi. Gauni la shule ndilo mbingu. Bitana ya koti la mvua ndiyo nyasi. Aproni ameiweka na doa lake la jamu, hakulifua. Miezi yote kabla ya hapo mkeo hakulitamka jina la mtoto, na chakula tulimlisha kwa kumbembeleza. Alipoanza kushona akaanza kula. Akaanza kusema, "Hapa Jarkynai alianguka, hapa alinidanganya kwamba ndama amepotea." Akacheka, Melis, nilimsikia kwa masikio yangu. Tangu Jumanne amelala ameelekea ukutani, na chai inapoa pembeni yake.

Turat anasema ukikifikiria kitambaa hicho usingizi unakuruka. Na uruke. Usijifiche nyuma ya mila. Hukiogopi kwa sababu ni mkosi, unakiogopa kwa sababu kinamkumbuka mtoto vizuri kuliko unavyomkumbuka wewe, na hutaki mkeo awe na kitu usichokuwa nacho.

Tena kuna jambo Turat hakukuambia, kwa kuwa hatazami anachobeba. Chini kabisa ya mteremko, mahali pa mlango wa nyumba, kuna kipande cha shati lako la mistari. Ulilisahau msumarini ulipoondoka mara ya kwanza, na mtoto akalifanya nguo yake ya kulalia mpaka usiku wa mwisho. Alivuliwa hilo alipooshwa. Gulbara hakuliomba, Salkyn ndiye aliyesema baba naye awepo. Basi ukitaka kuchoma, choma ukijua.

Mke wangu Burul anakusalimu, ingawa amekataa kuongeza neno. Mwanangu Kubat na watoto wake wanakusalimu. Mama Salkyn hakusalimu. Mungu akulinde huko juu unakopiga plasta, akulainishe moyo, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Leo, kabla hujavua viatu, mpigie Turat umwambie amrudishie Gulbara kitambaa chake.

Mjomba wako, anayekupenda hata siku asiyotaka,
Saparaly