Kwa Thelda Rasband, Mwenye Risasi ya Rasband

Mwaka umetimia leo, Thelda, tangu uanguke kando ya jiko la shule ukiwa bado umeshika mwiko. Watoto wa mji wetu wa Challis walikula mkate mkavu siku ile. Mpaka sasa wanauliza ni nani atawapikia maharage kama yako.

Tunakumbuka huruma yako isiyo na makelele. Mtoto aliyekuja shuleni bila soksi aliondoka nazo, na hukumwambia mtu. Tunakumbuka mikono yako iliyonuka sabuni na baruti, na ulivyokuwa ukinywa kahawa umesimama, kana kwamba kukaa ni uvivu.

Na tunalikumbuka banda lako nyuma ya nyumba. Wengi walidhani ni langu mimi mumeo, nami sikuwa na haraka ya kuwasahihisha.

Humo ndimo ulimochukua maganda ya shaba ya risasi za dukani ukayapa umbo jipya kwa moto wa bunduki yenyewe, bunduki ambayo chemba yake, mahali inapokaa risasi, uliichonga upya kwa mikono yako. Ulitia baruti kidogo, ukajaza semolina, ule unga wa ngano wa chengachenga, badala ya kichwa cha risasi, ukaziba kwa nta, ukaelekeza mtutu juu na kufyatua. Ganda lilivimba likaijaza chemba, likatoka na bega kali, pale ganda linapopungua upana kuelekea shingoni, na nafasi zaidi ya baruti. Semolina ilitapakaa uani. Kuku wetu ndio kuku pekee wa wilaya hii waliosikia mlio wa bunduki wakaukimbilia.

Ndugu yangu Orrin alikuwa akiegemea mlango wa banda na kukucheka. "Shemeji, uji unaliwa, haupigwi risasi," alikwambia.

"Kula basi, Orrin," ulimjibu bila kugeuka. "Hiyo ndiyo kazi unayoiweza."

Majira ya baridi ya kwanza maganda yalikupasukia penye lile bega, moja baada ya jingine. Uliyapanga dirishani yaliyopasuka, ukawa unayatazama ukiosha vyombo. Ya pili ukajua kuzipasha shingo zake moto kwanza, shaba ilainike. Ya tatu ukaipata pembe ya bega uliyokuwa ukiitafuta, na halikupasuka tena hata moja. Siku hiyo uliniita uani, ukaniwekea ganda kiganjani likiwa bado na joto. Ulikuwa unacheka. Sikuwa nimekuona ukicheka hivyo tangu binti yetu Ardith azaliwe.

Kisha Orrin akaacha kucheka. Akaomba maganda ishirini na mchoro wako, amwonyeshe fundi bunduki wa mji wa Pocatello. Ulinitazama. Nikasema mpe, ni ndugu.

Wapiga shabaha wa huku wana desturi yao: risasi mpya hupewa jina la aliyeibuni, nalo huingia vitabuni likabaki humo. Kwenye karamu ya klabu yao, majira ya kuchipua, mwenyekiti alisimama akatangaza risasi mpya iitwayo Rasband, iliyobuniwa na Orrin Rasband. Orrin akainama kama bwana harusi. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Nami nilipiga. Nalisema hapa kwa sababu hakuna mahali pengine palipobaki pa kulisema.

Njiani kurudi tulivuka daraja. Ndipo ukasema, "Verl, ulipiga makofi."

Nikasema Rasband ni jina letu sote, lako pia, ya nini kugombana na ndugu.

"Basi mwambie aandike Thelda," ulisema.

Nilikuahidi nitamwambia. Jumapili ile nilikwenda kwake, nikala nyama yake, nikarudi. Hukuniuliza. Ulitazama uso wangu ukaelewa, ukaenda kufunga banda kwa kufuli. Uliishi miaka miwili baada ya hapo na hukulifungua. Ulinipikia, ulinifulia, ulinijibu kwa adabu, na adabu ile ilinichoma kuliko matusi.

Kwenye mazishi yako Orrin alisimama akasema ulikuwa hodari wa kuwachemshia wapiga shabaha kahawa. Watu waliitikia kwa vichwa, kwa upole. Binti yetu alinibana mkono mpaka ukaniuma, akingoja niseme neno. Sikusema.

Nimelifungua banda mwezi uliopita. Daftari lako lipo, lenye kila ganda lililopasuka na tarehe yake, miaka mitatu kabla Orrin hajaujua mji wa Pocatello. Ardith amelipeleka klabu. Wamesema watalitazama. Wakitazama wasitazame, yeyote asomaye gazeti hili na ajue: risasi ile ni ya Thelda. Ningelisema neno hili pale ukumbini lingekuwa na faida kwako. Leo nalisema nikiwa mzee, na wewe hulisikii.

Wanaokukumbuka ni mumeo, Verl. Binti yako, Ardith, na mumewe, Dale. Dada yako, Nola. Na watoto wote wa shule uliowalisha. Orrin ameomba jina lake liwemo katika orodha hii. Nimekataa. Limeshaandikwa juu ya kitu chako kimoja, na kimoja kinatosha.

Hatutakusahau, Thelda, hata siku moja.