Baba Neema, Mfumo Tumeugawa

Baba Neema,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuitikia, lakini mkono umeshazoea kuanza hivyo, na ningeanza vinginevyo ungeninunia hata huko uliko.

Nakuandikia kukuambia kwamba mfumo wetu wa kupimia korosho tumeugawa. Nasema tumeugawa, ingawa siku hizi anayekaa ofisini ni mimi peke yangu. Kiti chako nimekisogeza dirishani na ninaweka mkoba wangu juu yake ili mtu asikikalie. Vijana wa duka la simu hapo chini wakija kuazima kiti nawaambia hicho kimevunjika mguu. Hakijavunjika.

Nianze na jema. Siku ya mnada wa kwanza kundi la seva la Tandahimba lilianguka. Lilianguka mchana kweupe, makarani wakiwa katikati ya kazi, na Masasi hawakujua. Newala hawakujua. Mizani zao ziliendelea kupima kama hakuna kilichotokea, na mimi nikakaa na Tandahimba peke yake mpaka ikasimama. Ilipoinuka nilichukua simu nikupigie. Nilikuwa nimeshaitafuta namba yako, nimeshaanza kucheka, ndipo nikakumbuka. Niliilaza simu juu ya meza na sikufanya kazi tena siku ile.

Msimu uliopita ulitutoa jasho, unajua. Vyama vya msingi vyote, Masasi mpaka Newala na Tandahimba, vilikuwa vinaingilia mlango mmoja: seva zile zile tunazokodi huko mbali, kwenye wingu kama wanavyosema watu, na kanzidata ile ile moja. Karani wa Newala akipima gunia, jina la mkulima linatafutwa kwenye lundo la wakulima wa wilaya zote. Tukaongeza nguvu ya seva, ikajaa. Tukaongeza tena, ikajaa tena. Mwishowe mfumo ukagoma kabisa na makarani wote wakatupigia simu kwa mpigo. Wewe ukazima simu yako, ukaagiza chai, ukasema, "Hili dude hatulikuzi tena, mdogo wangu. Tunalikata."

Ukachora nyuma ya boksi la karatasi. Kila kundi na seva zake, kanzidata yake, mlango wake, wala lisijue jirani yake anaendeleaje. Wakulima wakiongezeka, hatulivimbishi kundi la zamani, tunasimamisha jipya pembeni yake. Nilikubishia, kwa sababu kukubishia ilikuwa nusu ya kazi yangu. Nilisema itakuwa kero kutunza vitu vingi badala ya kimoja. Ukaniambia sisi watu wa Newala, kwa shida yetu ya maji, tunajua kuoga kwa kikombe lakini hatujui kugawa kazi. Nilikununia mpaka jioni.

Halafu ukapanda kijijini Mnyambe, huko Newala, kupuliza salfa ya kuzuia ukungu kwenye mikorosho ya mama yako, ukarudi Masasi unakohoa. Sote tulidhani ni ile salfa. Mama Neema akakuchemshia tangawizi, mimi nikakutania kwamba mkulima wa kompyuta hajui hata kufunga kitambaa puani. Haikuwa salfa.

Kila nikija hospitali nilikuletea ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, na kila mara uliimega kidogo tu ili nisijisikie vibaya. Kompyuta ulikuwa nayo kitandani, muuguzi amechoka kukukataza. Siku moja nilikuuliza kundi moja liwe na ukubwa gani, nikitegemea unipe hesabu ya wakulima au ya seva. Ukasema, "Liwe dogo kiasi kwamba likianguka, unaweza kuliinua peke yako." Nilicheka. Nikauliza, kwani wewe utakuwa wapi? Ukageuza uso ukaomba maji.

Kaka yangu, nilikuwa mjinga kiasi gani? Ulikuwa unaniaga, na mimi nilikuwa naandika vipimo.

Ya mazishi sijui kama unayajua. Kaburi lilishachimbwa Masasi, kwenye makaburi ya kanisa, ubavuni mwa marehemu baba yako. Wajomba zako wakafika kutoka Mnyambe na pikapu ya kukodi, wamebeba mikeka na unga, wamekuja kukuchukua. Walisema mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na kwao ndiko kwake. Upande wa baba wakasema umebatizwa hapa, umeoa hapa, utalala hapa. Mama Neema alikuwa chumbani na wanawake, anasikia kila neno. Ilibidi mama yako mwenyewe atoke nje. Alisema kaburi libaki Masasi, kwa kuwa hana nguvu ya kukupandisha mlima ukiwa umelala, lakini matanga yamalizikie Mnyambe. Mjomba Stefano akatupia udongo wake kama wengine. Nilimtazama sana siku ile. Alikuwa na uso wa mtu aliyedhulumiwa ambaye amelelewa vizuri.

Baada ya matanga nilirudi ofisini nikaanza kukata. Kanuni ilikuwa ile tuliyoiandika pamoja: kila mkulima kwenye kundi moja, kufuatana na kijiji chake. Nilitengeneza programu ya kuwahamisha, na ikikuta namba moja ya simu kwenye makundi mawili, inabakiza ya kwanza na kuifuta ya pili kwa kuwa imejirudia. Ilikwenda vizuri. Nilijisifu, nakwambia ukweli, na nikatamani uwepo unisifu.

Kosa la kanuni ile wewe hukuliona, Baba Neema, na hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo. Wewe mwenye mikorosho ya mama yako Mnyambe na mikorosho ya Mama Neema huku Masasi, hukuliona. Na mimi niliyekua nikimwona baba yangu anagawa wiki zake kati ya shamba la kwa mama yake na shamba la kwa mkewe, sikuliona. Mwanamume gani wa nyanda hizi ana kijiji kimoja? Tulijifunza kazi kwenye vitabu vya watu wenye anwani moja, tukakaa hapa Masasi tukisahau kwamba hata sisi hatuishi hivyo.

Msimu ukafunguliwa. Mama yako akabeba korosho zake mpaka kwenye mizani ya Mnyambe. Unajua shamba lile limesajiliwa kwa jina lako, kwa sababu yeye hataki habari za simu. Karani akaingiza namba yako, na kundi la Newala likajibu kwamba mkulima huyo hayupo. Akaingiza tena. Hayupo. Programu yangu ilikuwa imekubakiza Masasi na kukufuta kwa mama yako.

Mjomba Stefano ndiye aliyepiga simu. Hakugomba. Aliniuliza hali, akauliza hali ya Mama Neema na mtoto, akanieleza kilichotokea mizani. Kisha akasema, "Mlimzika huko, tukanyamaza. Sasa na huku mnamfuta?"

 Niliomba radhi, simu ikakatika, nikakaa sakafuni nikalia kama ulikuwa umekufa asubuhi ile.

Mzigo usiopokelewa hauendi mnadani, na mama yako hana ghala, ana kibanda kinachovuja na mvua zilikuwa zinanyemelea. Wala hakuwa peke yake. Simu zilianza kuingia, kila mmoja na hadithi ile ile: shamba la kwa mama linaonekana, la kwa mke halionekani, au kinyume chake. Nilishawishika kurudisha kila kitu kwenye lile lundo moja, yaishe. Ingekuwa rahisi. Lakini lundo lile lingegoma siku ya mnada na kuwaangusha wote, hata wale waliokuwa salama. Nikafunga kompyuta kwenye mkoba, nikapanda gari la Newala na kutoka pale bodaboda mpaka Mnyambe.

Nilimkuta mama yako amekaa juu ya magunia yake pembeni ya mizani. Amekataa kuyarudisha nyumbani. Nilipiga magoti nikamsalimu, akaitikia, akamtuma mtu aniletee maji. Kikombe cha maji, Newala, mvua hazijaanza. Ungemwona anavyohakikisha nimeyanywa yote.

Mtandao unashika pale karibu na mizani tu, basi nikakaa chini ukutani, karani mbele yangu na Mjomba Stefano nyuma yangu, amesimama. Nilianza kumweleza Mjomba tatizo, nikitafuta maneno, na nilivyokuwa naeleza nikaona kwamba mtu hakustahili kugawanywa kabisa. Kinachogawanyika ni mizani. Mizani haina mama wala mke, imesimama mahali pamoja. Kila mizani iwe chini ya kundi moja, na mkulima aonekane kwenye kila kundi anakopimia, hata yakiwa matatu. Mbele ya makundi yote nikaweka kamlango kadogo kasikojua habari za mtu yeyote. Kanauliza tu ni mizani ipi inayoita, kisha kanaelekeza.

Nakala ya akiba uliyonilazimisha niitunze ndiyo iliyotuokoa. Niliwarudisha wote waliofutwa, Newala kwanza. Jua lilikuwa limeshageuka karani alipoingiza namba yako tena, na jina lako likaja. Lukas, shamba la Mnyambe. Mjomba Stefano akainama akasoma mwenyewe. Akaniwekea mkono begani, akaenda kunyanyua gunia la kwanza.

Hapo katibu wa chama akaja na ya kwake. Alisema kwa kuwa mwenye jina ameshafariki, tungetumia nafasi hiyo kulibadilisha. Alisema kwa adabu, na alikuwa sahihi. Kidole changu kilikuwa tayari. Mama yako akamtazama, akasema, "Salfa alipuliza yeye. Msimu huu ni wake."

Nikaondoa kidole changu. Magunia yakapimwa kwa jina lako.

Sikufikiria lile ambalo mfumo unalifanya wenyewe baada ya hapo. Nilikuwa bado njiani kurudi Newala Mama Neema aliponipigia. Simu yako anayo yeye, haijawahi kuzimwa, anaichaji kila siku na hapendi kuulizwa sababu. Ujumbe ulikuwa umeingia. Aliusoma taratibu, neno kwa neno: "Ndugu Lukas, korosho zako zimepokelewa mizani ya Mnyambe. Asante kwa kutunza shamba." Maneno yale uliyaandika wewe. Nilikwambia yafupishwe, asante ya nini, tunalipia kila herufi. Ukasema mtu aliyehangaika na mkorosho mwaka mzima hawezi kupewa taarifa kavu. Tukabishana, ukashinda.

Mama Neema alimaliza kusoma, nikasikia anavuta pumzi. Kisha akasema, "Somoe, wamemshukuru."

Mimi nilikuwa kwenye bodaboda, yeye jikoni kwake. Tulishika simu tu mpaka salio likaisha.

Nakuaga sasa, Baba Neema. Makundi yamesimama, na mwakani nitaongeza la nne kwa upande wa bondeni, kama ulivyotaka. Nakukumbuka mpaka kifua kinauma, na sitajifanya kwamba kazi inanisahaulisha, kwa sababu kazi yenyewe ndiyo imejaa wewe.

Na jambo moja nakuahidi. Jina lako halitaondolewa na programu tena, wala na mtu aliyekaa mbali. Msimu ukiisha nitapanda Mnyambe, nitaketi na mama yako uwanjani kwake, nilifungue shamba lile kwenye kompyuta mbele ya macho yake. Sitabonyeza kubadilisha jina mpaka aseme mwenyewe kwamba sasa basi. Na asiposema, nitafunga kompyuta, nimsaidie kuanua korosho, nirudi tena mwaka unaofuata.

Mdogo wako,
Somoe