Panya Wako Hawajaonja Pombe

S.L.P. 318,
Ruiru.
17 Agosti 1997

Mpendwa ndugu yangu Farouk,

Assalaam aleikum. U mzima huko Uingereza? Kazi ya maabara inakuacha ulale? Sisi tunasukuma siku. Hapa Kimbo maduka yanaongezeka kila kona, na stima bado inapotea tukianza kupika.

Mama hajambo kwa kusema tu. Tumbo limejaa maji, macho yamekuwa ya manjano. Daktari wa Thika aliniita kando akasema ini lilianza kwa kujaa mafuta, sasa limekauka na hana dawa. Nilimtajia ile sindano mnayowadunga panya wenu wakapungua unene. Akasema hiyo ni ya panya, na hata ingekuwa ya watu, Mama amechelewa.

Ile picha uliyotuma, ya panya mliyembadilisha chembe za urithi akawa hajui kushiba na kunenepa mno, Mama ameiweka chini ya mto. Siku picha ilipofika aliitazama sana, akasema, "Huyu ni mimi kabisa." Tulicheka mpaka akakohoa.

Wageni nao wanammaliza. Nani huja kuona mgonjwa mikono mitupu? Wanaleta sukari, wanaleta soda kreti nzima, na Mama, unamjua, atakunywa mbele yao wasije wakasema amewadharau. Nimegombana na nusu ya mtaa. Nimechoka, Farouk.

Sasa sikia kilichonifanya niandike. Baba mdogo Ibra, ambaye tangu Baba afariki ndiye mkubwa wetu, aliposikia neno ini aliamua ni pombe. Ameacha kunywa chai kwetu, na amewaambia wazee wa msikitini. Mama anajua. Kufa hakumlizi, hilo ndilo linalomliza. Nilipojaribu kumweleza, Baba mdogo alinijibu, "Wacha kumfichia mama yako."

Wewe umesoma, atakusikia. Mwandikie kwamba panya wako wana maini yaliyojaa mafuta na hawajaonja pombe hata tone. Mambo ya kupona usiyataje, hapa hatuyangoji tena. Fanya upesi, Mama aisikie barua hiyo ikisomwa akiwa hai.

Mdogo wetu Farhiya na watoto wake wanakusalimu, na Tarlochan wa duka la vitambaa pia. Mama naye anakusalimu. Anauliza, panya wako wakifa, kuna mtu huwasema vibaya?

Mungu akufunike huko uliko.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikasirika,
Tausi