Tope la Atupele Limegeuka Waridi

Mlowo, Jumamosi. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, na roho yangu haijatulia.

Niko nyumbani kwa mama na Atupele, mwenzangu wa masomo ya uzamili. Wiki iliyopita tulichota tope kwenye chemchemi za chumvi za Ivuna. Tunatafuta bakteria wanaoweza kugeuza amonia mahali penye chumvi kali namna ile. Ndiyo hatua inayowezesha naitrojeni kuendelea na mzunguko wake, mpaka bakteria wengine wairudishe hewani. Chumvi ikizidi, mara nyingi hatua hiyo hukwama.

Wiki nzima tumelilisha tope amonia ndani ya chupa. Leo tukapima kwa dawa inayogeuka rangi ya waridi pale amonia ilipogeuzwa. Chupa zangu zimebaki bila rangi, kama maji. Za Atupele zimegeuka waridi. Bakteria wake wanafanya kazi.

Nikamwambia, "Hongera, dada." Akanikumbatia.

Mdomo ulisema. Moyo uliuliza: kwa nini si mimi, mtoto wa huku, niliyemwonyesha hata njia ya Ivuna?

Mwalimu wetu alipopiga simu, aliongea na Atupele mpaka wakacheka. Mimi hakuniulizia.

Mchana Atupele akaenda stendi kukata tiketi zetu za basi. Umeme ukakatika. Tope lake la kupeleka maabara lilikuwa kwenye friji ya mama, na likipata joto haliaminiki tena. Nikaigusa chupa. Ubaridi ulikuwa unaisha.

Nikarudi kukaa.

Ningesema tu sikujua. Nani angebisha?

Mama akaingia kutoka shambani. "Mbona umenuna hivyo, mwanangu?"

"Umeme umekatika. Tope la Atupele litaharibika."

"Na wewe umekaa? Si uende kwa wauza samaki ukaombe barafu?"

Nilienda. Nilirudi karibu nikikimbia, ndoo inanilowesha sketi. Atupele alinikuta nikizifunika chupa zake kwa barafu, machozi yakamlengalenga.

"Mwingine angeliacha liharibike," akasema.

Nikajifanya natafuta kitambaa.

Sasa amelala chumba cha pili, amechoka kwa furaha. Wivu bado ninao. Tope limepona, na hilo nashukuru kweli.

Ila najiuliza: mama angechelewa shambani, ningeinuka?