Halfani Hakula Nusu ya Diski

Luchingu,
Newala.
8 Septemba 2024

Mpendwa kaka Nurdini,

Shikamoo. Shemeji na watoto wanaendeleaje huko Mwanza? Na kile kifua chako, kimepoa? Huku tu wazima, ila mwanangu Sijaona anaota meno. Anayeota ni yeye, asiyelala ni mimi. Mama hajambo, miguu inamkubali kidogo kidogo. Mikorosho imechanua vizuri, upepo ukituhurumia maua yatashika.

Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu kwenye simu unanikatiza kabla sijafika. Hapa utanisikiliza mpaka mwisho.

Ni habari ya ile diski uliyompa Halfani aniletee, kwa ajili ya kibanda changu cha kurushia watu nyimbo na filamu. Ulisema ni ya GB elfu moja. Siku anaikabidhi hapa uani, watu wakiwepo, Halfani akasema, "Shika mzigo wako, mke wangu. Nusu nimekula njiani, Mwanza ni mbali." Nikamjibu, "Kwa tumbo lile, nashangaa umebakiza mfuko." Tukacheka wote. Mtoto wa mjomba ndivyo alivyo, asipokutania ujue anaumwa.

Kuichomeka, kompyuta ikaonesha GB mia nne na kitu tu. Nilipokupigia ukasema uliinunua nzima, basi Halfani ndiye aliyeibadilisha njiani. Simu ilikuwa kwenye spika, majirani wakasikia. Tangu hapo utani ukageuka ushahidi. Waliocheka ndio waliosema, "Si alikiri mwenyewe?"

Halfani akaacha kupita kwetu. Mjomba Mahmudu naye kimya. Na Mama, kaka, hana ndugu mwingine wa tumbo moja. Akichemsha mihogo anamtengea mjomba sahani, anaifunika kawa, inalala hivyo hivyo.

Mimi moyo ulikataa. Mwizi gani anajitangaza uani? Fundi mmoja wa hapa alitaka kuifomati, aifute yote ianze upya, nikamwambia hapana, humo kuna video za harusi yako na Mama hajamaliza kuzitazama.

Juzi nikambeba Sijaona mgongoni, nikashuka Masasi kwa Witness niliyesoma naye. Siku hizi anatengeneza kompyuta karibu na stendi. Akafungua mahali panapoonesha diski nzima ilivyogawanywa. Kumbe nusu moja imepewa jina, na nusu ya pili ipo pale pale ila haina jina, kama shamba lililoachwa pori. "Hii haijabadilishwa," akasema. "Aliyeitumia mwanzo aliikata mbili, halafu akafuta upande mmoja." Akabofya ile yenye jina, akaamuru iongezwe mpaka ikachukua na pori lote. Video zako hazikuguswa.

Aliyeitumia mwanzo ni wewe, kaka. Uliniambia mwenyewe kwamba ulikuwa unahifadhia kazi za studio. Sikulaumu kwa hilo, mtu husahau. Ila Halfani ulimchafua kwa sauti, na kumsafisha kuwe kwa sauti. Mpigie mjomba kwanza, umwamkie kama ipasavyo, kisha umwombe Halfani radhi simu ikiwa kwenye spika. Usinitume mimi, hili ni la kinywa chako.

Na jambo jingine, nalisema mapema usije ukaanza upya. Sasa inaonesha GB mia tisa thelathini na moja, haifiki elfu. Witness anasema hata mpya ya dukani huonesha hivyo, ndivyo kompyuta inavyohesabu.

Jana nilikwenda kwa Halfani nikamwonesha. Aliisoma ile namba mara mbili bila kunitazama, nikadhani kinyongo hakijatoka. Halafu akasema, "Hizo zilizopungua kwenye elfu, mke wangu, hizo kweli nimekula."

Nililia na kucheka, mtoto mgongoni akashangaa.

Kibanda nafungua kesho, Mungu akipenda. Vijana wameshaanza kuniulizia filamu.

Nisalimie sana shemeji Faidha, na Nasibu umwambie shangazi yake anataka kuona mwandiko wake. Mama anakuombea riziki isiyo na mawaa. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake.

Leo Mama kachemsha mihogo tena. Sahani ya mjomba ameitenga, ila safari hii hakuifunika. Anatazama njia. Piga simu, kaka.

Ndimi mdogo wako, nikupendaye hata ninapokugombeza,

Zabibu (Mama Sijaona)